Malengelenge kando ya mshono: kisa cha mama aliyewekewa chuma pajani

Mama wa miaka 61, mkulima wa korosho kutoka kijiji kimoja cha Newala, aliletwa kituo cha afya siku ya saba baada ya kufanyiwa upasuaji wa paja la kulia. Alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha nyuma cha Noah, mto chini ya goti. Nilipomwamkia na kumuuliza mguu unaendeleaje, hakulalamikia mfupa. "Mfupa umetulia, mwanangu. Hii ngozi ndiyo inaniunguza."

Kando ya mshono kulikuwa na malengelenge. Mawili yalikuwa makubwa, yamejaa maji na kukaza, moja likikaribia sentimita nne. Mengine yalikuwa yameshapasuka na kuacha ngozi nyekundu, mbichi, inayotoa majimaji.

Wasindikizaji walifika na majibu yao tayari. Mtoto wake wa kiume alisema ni sumu ya korosho: mkewe ndiye aliyembadilishia mama gozi (kitambaa cha kufunika kidonda) nyumbani, na msimu huu anabangua kila siku. Jirani alisema ule ni mkanda wa jeshi, tena alikuwa amebeba kapsuli za rangi mbili kwenye pindo la kanga, tayari kuzifungua na kunyunyizia unga wake. Tabibu wetu wa zamu, kijana mwenye bidii, alitazama kwa mbali akaona wekundu na majimaji, akaandika maambukizi ya kidonda: sindano ya antibayotiki, seftriaksoni, gramu moja kwa siku, siku tano.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu ya ile sindano, ambayo ilikuwa imeshaanza kuchanganywa. Malengelenge yanayotokea karibu na mshono yana umbo, yana mipaka na yana siku yaliyoanza. Ukiyatazama hayo matatu kabla ya kufungua kabati la dawa, mara nyingi jibu liko pale pale juu ya ngozi. (Mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mgonjwa nimeyabadilisha.)

Historia yake ilikuwa hivi. Alikuwa shambani anaokota korosho, akateleza kwenye mabibo yaliyooza, akaangukia ubavu. Hakuweza kusimama. Eksirei ilionyesha mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga, akapelekwa hospitali kubwa, akawekewa chuma. Karatasi ya ruhusa ilieleza upasuaji vizuri, ila kuhusu ngozi haikusema neno. Alipewa dozi moja ya antibayotiki kabla ya kuchanwa, na hiyo ndiyo inavyotakiwa: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka dawa ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu kugusa ngozi, wala isiendelezwe baada ya operesheni kwa nia ya kuzuia maambukizi tu.

Aliruhusiwa siku ya tano. Siku ya sita asubuhi mkwe wake alibandua plasta kwa sababu mama hakulala usiku kucha kwa kuungua. Siku ya saba wakamleta kwetu.

Swali lililonisaidia kuliko mengine yote lilikuwa jepesi. Nilimuuliza: "Mama, hii kuungua ilianza lini? Uko wodini, au umeshafika nyumbani?"

"Wodini. Siku ile walinisimamisha na magongo mara ya kwanza. Nikamwambia nesi hii plasta inanikata. Akaniambia ni kidonda kinapona."

Karatasi ilionyesha alisimamishwa siku ya tatu. Kwa hiyo ngozi ilianza kulalamika siku mbili kabla hajafika nyumbani, siku tatu kabla mkwe hajaigusa. Mtoto wake alisikia hilo akanyamaza. Mkwe, aliyekuwa amesimama karibu na mlango muda wote huo, alisogea akakaa kwenye benchi.

Nikawasha tochi. Mshono wenyewe ulikuwa ubavuni mwa paja, urefu wa sentimita 14 hivi, umeshonwa kwa uzi wa naironi. Kingo zake zilikuwa zimekutana, kavu, na ganda jembamba juu. Nilibonyeza pembeni kwa kidole chenye glovu, taratibu, kutoka juu hadi chini. Hapakutoka usaha, hapakuwa na sehemu iliyovimba peke yake wala ngumu, na maumivu yalikuwa yale ya kawaida ya mtu aliyechanwa juzi. Paja zima lilikuwa limevimba, jambo ambalo baada ya operesheni ya mfupa mkubwa ni la kutarajiwa. Shavu la mguu halikuwa gumu wala halikuuma lilipobinywa. Hilo nilitaka kulijua mapema, kwani damu kuganda kwenye mishipa ya mguu baada ya upasuaji wa nyonga ni hatari kubwa kuliko malengelenge yote. Joto la mwili lilikuwa nyuzi 36.9, mapigo ya moyo 84, sukari 5.8.

Kisha malengelenge yenyewe. Hayakuwa juu ya mshono. Yalikuwa mbali nao, sentimita saba hivi upande wa mbele na nyingine saba upande wa nyuma, yamejipanga safu mbili zinazokwenda sambamba na mshono. Kwenye kila safu, kati ya lengelenge moja na jingine palikuwa na nafasi ya ngozi nzima, na nafasi hizo zilikuwa karibu sawa. Upande mmoja wa kila lengelenge ulikuwa na mpaka ulionyooka kabisa. Ugonjwa haupigi mistari hivyo. Nilimuuliza mkwe plasta ilikuwa imebandikwaje, akachora kwa kidole hewani: vipande vitano vipana, vimepita juu ya gozi kutoka mbele kwenda nyuma. Miisho ya vipande hivyo ndipo malengelenge yalipokuwa. Makubwa mawili yalikuwa kwenye kipande cha juu kabisa, karibu na mkunjo wa nyonga.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea chini ya plasta, maana wengi hudhani plasta ya kawaida haina uwezo wa kumdhuru mtu.

Ngozi ina tabaka la juu, jembamba, lililoshikwa kwenye tabaka la ndani lenye mishipa ya damu na nyuzi za kolajeni. Ushikamano huo ni imara ukibonyezwa, ila ni dhaifu ukivutwa kwa upande. Sasa chukua plasta ya kitambaa isiyonyumbuka. Mtu anabandika ncha moja mbele ya paja, anaivuta ikaze ili gozi isidondoke, kisha anabandika ncha ya pili nyuma. Ile plasta, kama mpira wa manati uliovutwa, inataka kurudi katikati, nayo inavuta ngozi iliyoishika kwenye ncha zote mbili. Siku hiyo ngozi inavumilia. Siku ya pili na ya tatu paja linavimba, maana uvimbe wa upasuaji huongezeka siku za mwanzo. Ngozi inatanuka, plasta haitanuki. Mgonjwa anasimamishwa, anakunja nyonga, anakaa, anageuzwa. Kila mwendo unavuta tena. Mwisho tabaka la juu linaachana na la ndani pale mvuto ulipo mkubwa, yaani kwenye ukingo wa plasta, na majimaji ya mwili yanajaza nafasi iliyobaki. Hilo ndilo lengelenge.

Ndiyo maana tatizo hili linajulikana zaidi kwenye upasuaji wa nyonga na goti kuliko kwenye upasuaji wa shingo, kwa mfano. Ni sehemu zinazovimba sana na kukunjwa sana. Mtu mzima naye ana ngozi ambayo ushikamano wa matabaka yake umelegea kuliko wa kijana. Mama huyu alikuwa na vyote: umri, nyonga, uvimbe, plasta isiyonyumbuka, na iliyobandikwa kwa kuvutwa. Juu ya hayo, ilibanduliwa kwa mkupuo mmoja. Mkwe alikuwa na huruma na alitaka maumivu yaishe haraka, lakini mkupuo huo ndio ulioondoka na paa za malengelenge matatu.

Turudi kwenye yale majibu waliyokuja nayo, kwa sababu hakuna lililokuwa la kijinga.

Mkanda wa jeshi hutoa malengelenge madogo madogo yaliyokusanyika kama kundi juu ya ngozi nyekundu, upande mmoja wa mwili, yakifuata njia ya mshipa wa fahamu. Pajani hutokea. Mara nyingi maumivu ya kuchoma hutangulia vipele kwa siku kadhaa, na mama huyu alikuwa ameungua kabla. Jirani aliona jambo la kweli. Kilichomwangusha ni mistari: mshipa wa fahamu hautengenezi safu mbili sambamba zenye nafasi sawa, wala haufuati ncha za plasta.

Mtu mwingine, aliyekuwa anasubiri kliniki ya watoto na kusikiliza kila kitu, alichangia kwamba huko hospitali watu huunguzwa na umeme wa mashine ya kukatia. Hilo pia lipo. Mashine inayotumia umeme kukata nyama na kuzuia damu huwa na bamba linalobandikwa kwenye mwili wa mgonjwa, na bamba lisiposhika vizuri ngozi huungua. Ila alama huwa pale bamba lilipokuwa, huwa moja, na huonekana mgonjwa anapotoka chumba cha upasuaji au muda mfupi baadaye, haisubiri siku ya tatu. Dawa ya iodini nayo, ikimwagika na kutuama chini ya makalio au mgongo kwa saa nyingi, huchubua ngozi; lakini huko ni chini alikolalia. Nilimgeuza nikatazama. Ngozi ilikuwa nzima.

Kuna malengelenge ya mvunjiko wenyewe, yanayotokea mfupa unapovunjika na ngozi ya juu yake ikavimba ghafla. Hayo hutokea zaidi kwenye kifundo cha mguu na kiwiko, mahali ambapo ngozi haina nyama ya kutosha chini yake, na kwa kawaida huanza ndani ya siku moja au mbili baada ya kuumia. Nilimfungua mdomo pia na kumtazama macho. Aliona ajabu: "Mbona kinywa tena, nimevunjika paja?" Nilimweleza kwamba kuna dawa, septrini ikiwa mojawapo, ambazo kwa watu wachache huleta malengelenge mwili mzima, na dalili ya mapema huwa vidonda mdomoni na macho mekundu. Kwake havikuwepo.

Mzio wa gundi ya plasta ndio ulionichukua muda. Gundi ikimkataa mtu, ngozi huwasha, na wekundu hujaa eneo lote lililofunikwa, hadi ukaona picha ya plasta nzima pajani. Kwake ngozi ya katikati, chini ya plasta ile ile, ilikuwa safi. Na aliposema "inaniunguza" nilimuuliza kama inawasha. Alikataa. Kisha akaongeza, karibu kwa bahati: "Kuwasha ni huku chini. Hii ya huku ni nyingine."

Alikuwa anaonyesha sehemu ya ndani ya paja, juu kidogo ya goti. Palikuwa na michirizi minne, myembamba, ya vipele vidogo vyenye maji, juu ya ngozi iliyokuwa na rangi ya kahawia. Hapakuwa na plasta hapo wala haijawahi kuwepo. Ilianza usiku wa kuamkia siku ile ya saba. Michirizi ile minne ilikuwa na upana na nafasi ya vidole.

Nilitazama mikono ya mkwe, naye akaikunja kwenye kanga. Viganja vilikuwa na madoa meusi ya mtu anayebangua.

Wasomaji wa kusini hawahitaji kuambiwa, lakini wa kwingine wanahitaji. Ganda la korosho lina mafuta meusi, mazito, yenye asidi ya anakadiki na kemikali iitwayo kardoli. Ni jamii moja na kemikali ya mmea wa Marekani ambao watu wa kule huuogopa kwa kuwasha, na si mbali na utomvu wa embe. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja. Mafuta hayo huchubua ngozi yenyewe, na kwa mtu ambaye mwili wake umeshayakataa siku za nyuma, kiasi kidogo tu huleta vipele na malengelenge baada ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana korosho ghafi hukaangwa kwanza mpaka mafuta yawake, na wabanguaji wengi hupaka majivu mikononi. Mama alipoulizwa alikiri kwamba ujanani alikuwa akibangua vidole vinavimba na kutoka maji, hadi akaacha, akawa anachambua tu. Mkwe alimnyanyua mguu siku ya tano jioni kumpandisha kitandani, akitoka moja kwa moja kwenye moto wa korosho.

Kwa hiyo mtoto wa kiume naye alikuwa ameona jambo la kweli, ila alilibandika mahali pasipo pake. Mguu mmoja, vyanzo viwili: plasta kwenye safu mbili kubwa, mafuta ya korosho kwenye michirizi ya chini. Naamini ningeisema hiyo michirizi kwa sauti mbele ya wote, mkwe angebebeshwa na safu mbili za juu, na pengine hata mfupa kuchelewa kupona. Nilimwita nje, chini ya mwembe, nikamwambia mambo mawili kwa pamoja: kwamba kidonda kikubwa hakikutoka kwake, kilianza hospitali, na kwamba kuanzia leo anawe mikono kwa sabuni na maji mengi kabla ya kumgusa mama, na nguo anayobangulia aiache huko huko. Aliuliza swali moja tu: "Sasa wataniamini?" Tulirudi ndani, nikaanza kwa kumwambia mumewe tarehe.

Kuhusu sindano: tabibu alikuja kitandani na karatasi yake, tukasoma mguu pamoja. Nilichukua kalamu ya wino nikachora mstari kuzunguka wekundu wote, kila mahali ulipoishia, nikaandika saa. Wekundu wa malengelenge ya plasta hubaki pale pale au hufifia. Wekundu wa maambukizi huvuka mstari. Tulikubaliana sindano isubiri hadi kesho yake, na mgonjwa asiende mbali. Alipata parasetamo. Sitaki ionekane kwamba kusubiri ni jambo la kila mgonjwa: angekuwa na homa, usaha, harufu, mshono unaoachia, au sukari iliyo juu, ningeunga mkono dawa siku hiyo hiyo na simu kwa waliompasua. Na kuna hali moja isiyopaswa kulazwa kituoni hata usiku mmoja: malengelenge yanayogeuka zambarau au meusi, maumivu makali kupita kinachoonekana, ngozi inayolia chini ya kidole kana kwamba ina hewa, mgonjwa anayechanganyikiwa. Hapo nyama inaoza kwa saa, na gari la wagonjwa linaitwa kwanza, maelezo yanaandikwa baadaye.

Kazi ya mikono haikuwa na maajabu. Yale mawili makubwa yaliyokaza nilitoboa chini kabisa kwa sindano mpya, nikayabana kwa gozi hadi maji yakaisha, paa nikaliacha lilale juu ya nyama yake. Ngozi ya mwenyewe ni kifuniko kizuri kuliko chochote tulichonacho stoo. Madogo mazima hayakuguswa. Yaliyopasuka yalioshwa kwa maji ya chumvi, yakafunikwa gozi ya vaselini ili kesho isibanduke na ngozi mpya, juu yake gozi kavu, kisha bandeji pana ya krepu kuzunguka paja bila kukaza. Plasta ilitumika mahali pamoja tu, kufunga mwisho wa bandeji kwenye bandeji yenyewe. Hakuna gundi iliyogusa ngozi tena mpaka mwisho wa matibabu. Spiriti haikutumika, wala ile dawa ya zambarau, ambayo hupaka rangi kila kitu na kesho yake hujui kama unaona wekundu au wino. Kwenye michirizi ya goti, sabuni na maji, kisha krimu hafifu ya hidrokotisoni, mbali kabisa na mshono.

Jirani na kapsuli zake nilizungumza naye kwa adabu, kwa sababu ni mtu mzima na alikuja kwa mapenzi. Nilimwomba anipe moja, nikaifungua juu ya gozi iliyolowa maji ya chumvi. Tuliitazama ikigeuka uji, kisha ganda. Nikamwambia: ganda hilo likikaa juu ya kidonda, usaha ukiwa chini yake hatuuoni, na dawa haiingii ndani kiasi cha kuua wadudu, inawazoesha tu. Alizirudisha kwenye pindo. Sina hakika hazikutumika kwa mtu mwingine.

Shida ya maji kwenye uwanda wa Makonde, iliko Newala, inajulikana, na agizo la "osha kwa maji safi" halimsaidii mtu anayenunua maji kwa dumu. Tuliwapa namna inayowezekana: nusu lita ya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, ichemke, ipoe kwenye sufuria iliyofunikwa, itumike siku hiyo, kesho ichemshwe nyingine. Nusu lita inatosha kuosha mguu ule mara moja. Kwa siku za mwanzo, hata hivyo, tulimwosha sisi.

Asubuhi iliyofuata wekundu ulikuwa ndani ya mstari wa kalamu, upande wa mbele umerudi nyuma. Tabibu mwenyewe ndiye aliyefuta seftriaksoni kwenye karatasi. Siku ya tisa sehemu mbichi zilikuwa zinafunga kutoka pembeni. Siku ya kumi na mbili zilibaki mbili tu.

Hapa mtoto wake aliuliza jambo ambalo wengi huuliza: kama ngozi ya malengelenge imepona kwa wiki moja, kwa nini mshono usitolewe nyuzi leo? Ni kwa sababu ni vidonda viwili tofauti. Lengelenge limechukua tabaka la juu tu, na tabaka hilo huzaliwa upya toka kwenye mizizi ya nywele na pembeni. Mshono umepita matabaka yote. Juu huziba upesi, ndani ya siku moja au mbili kingo zilizoshonwa vizuri zinakuwa zimeshafunikwa na seli mpya, na ndiyo maana mshono mkavu unadanganya. Ndani kolajeni ndiyo kwanza inaanza kusukwa kuanzia siku ya nne au ya tano. Mwisho wa wiki ya kwanza kidonda kina asilimia chache tu za nguvu ya ngozi nzima, wiki ya tatu karibu asilimia 20, na baada ya miezi mitatu kinafikia karibu 80. Mia hakifiki tena. Usoni nyuzi hutolewa siku ya tano hivi kwa sababu damu ni nyingi na mvuto ni mdogo. Kwenye miguu tunangoja siku 10 hadi 14. Nyuzi za mama zilitoka siku ya 14, kwanza moja ndani moja nje, na kingo zilipotulia zikatolewa zilizobaki.

Alama za plasta zilibaki, mistari ya kahawia iliyokoza mbele na nyuma ya paja. Kwenye ngozi nyeusi mchubuko wa juu mara nyingi huacha rangi kwa miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka, bila kovu la kuinuka. Tulimwambia mapema ili asianze kupaka vitu vya kung'arisha.

Tuliwaandikia waliompasua. Barua ilikuwa fupi, na picha mbili kwa ridhaa ya mgonjwa: siku yalipoanza, mahali yalipo, vipande vya plasta vilivyokuwa. Tulipendekeza plasta ianze kubandikwa katikati, juu ya gozi, kisha ibonyezwe kwenda pande zote mbili bila kuvutwa. Nyonga na goti zifungwe kwa bandeji au plasta inayonyumbuka ikiwepo. Na mgonjwa akisema plasta inamkata, ifunuliwe na kutazamwa siku hiyo. Muuguzi mkuu wa wodi alipiga simu, akauliza maswali mengi kuhusu ile ya kuanza katikati, akasema ataionyesha kwenye makabidhiano ya zamu. Hakujitetea, na mimi nilimheshimu kwa hilo. Plasta inayonyumbuka hawana, bandeji wanazo.

Eksirei ya wiki ya sita ilionyesha mfupa umeanza kushika. Nyumbani mkwe anaendelea kubangua, sasa akiwa na glovu za mpira alizonunua mumewe siku ya mnada, na mama anachambua zilizokwisha kubanguliwa. Jalada lake kwetu bado liko wazi. Kwa mtu aliyewekewa chuma, maambukizi ya sehemu iliyopasuliwa hufuatiliwa hadi siku 90, si 30 kama kwa mshono usio na kitu ndani, na tulimwandikia tarehe hiyo kwenye daftari lake la kliniki pamoja na namba ya zamu.